Uvimbe wa Desmoidi na Kisu cha Tabibu

Neno uvimbe katika Kiswahili ni neno pana. Donge lililotokana na pigo huitwa uvimbe, jipu lisiloiva huitwa uvimbe, na saratani nayo, kabla haijatambuliwa, huitwa uvimbe. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa kwamba ana uvimbe, swali lake la kwanza huwa moja: je, ni wa kuua, au si wa kuua? Elimu ya utabibu ilijengwa kwa muda mrefu juu ya swali hilo hilo. Iliugawa uvimbe katika mafungu mawili: ule mpole, ambao hukaa mahali pake na ukitolewa basi umekwisha, na ule mkali, ambao hupeleka mbegu zake katika mapafu, ini na mifupa mpaka ukamwangusha mwenye mwili.

Walakini upo uvimbe mmoja uliokataa kukaa katika fungu lolote kati ya hayo. Jina lake ni desmoidi. Hausafiri mwilini; hakuna mbegu yake itakayoonekana katika mapafu au katika ini. Kwa sifa hiyo ungestahili kuitwa mpole. Lakini pale ulipo hauna adabu ya mpole. Hujipenyeza baina ya nyuzi za misuli, huzizingira mishipa ya damu na ya fahamu, huubana utumbo, na ukikatwa huweza kurudi pale pale, pengine kwa nguvu zaidi. Historia yake, tangu mwaka 1832 hadi leo, ni historia ya watu waliojifunza polepole kwamba jina la kitu si tabia yake, na kwamba mkono hodari huweza kudhuru mahali ambapo jicho lenye subira lingefaa.

Uvimbe huu ni nadra. Hukadiriwa kwamba huwapata watu kati ya wawili na sita hivi katika kila watu milioni moja kwa mwaka. Aghalabu huwapata vijana na watu wa makamo, na wanawake kuliko wanaume. Unadra huo ni sehemu ya msiba wake, maana daktari mmoja huweza kufanya kazi umri wake wote akauona mara moja au mbili, na kwa mara hizo chache asipate kujua alichofanya vyema wala alichokosea.

Wa kwanza kuandika habari zake kwa namna iliyodumu alikuwa John Macfarlane, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Glasgow Royal Infirmary huko Uskochi. Mwaka 1832 alitoa kitabu cha taarifa za upasuaji uliofanywa katika hospitali hiyo, na ndani yake akaeleza uvimbe mgumu uliotokea katika ukuta wa tumbo la wanawake vijana waliokuwa wamezaa. Maelezo hayo yalikuwa mafupi, lakini yalikuwa na jambo moja ambalo muda haukulifuta: uhusiano wa uvimbe huu na uzazi. Hata sasa hujulikana kwamba kwa baadhi ya wanawake uvimbe huu hutokea wakati wa mimba au muda mfupi baada ya kujifungua, na mara nyingi katika misuli ile ile ya tumbo iliyotanuka kumpisha mtoto.

Miaka sita baadaye, yaani mwaka 1838, Johannes Müller alichapisha mjini Berlin kitabu juu ya umbile la ndani la uvimbe wa maradhi. Müller alikuwa mwalimu wa walimu. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Theodor Schwann, ambaye mwaka 1839 alieleza kwamba mwili wa mnyama umejengwa kwa seli. Na baadaye Rudolf Virchow, aliyeifanya seli kuwa msingi wa elimu ya maradhi. Katika kitabu chake Müller aliitumia hadubini kuliko wengi waliomtangulia. Hakuridhika kuuliza uvimbe una ukubwa gani au uko wapi. Aliuliza umefumwa kwa nini. Alipofika kwenye uvimbe ulio mgumu, mweupe, wenye nyuzinyuzi zilizosongana, aliuona unafanana na kano inayounga misuli na mfupa. Akachukua neno la Kiyunani desmos, ambalo maana yake ni kifungo au ukanda, akautungia jina la desmoidi.

Jina hilo lilikuwa zuri, na limedumu kwa sababu ya uzuri wake. Lakini lilikuwa jina la sura, si jina la mwenendo. Lilisema uvimbe unafanana na nini. Halikusema utafanya nini. Mtu aliyeuona chini ya hadubini aliona seli ndefu, nyembamba, zilizotulia, zilizolala katika nyuzi nyingi kama mbegu katika pamba. Hazikuwa na vurugu ya seli za saratani. Ushahidi wa jicho ulitangaza amani, ilhali mwili wa mgonjwa ulikuwa vitani. Kutokana na tofauti hiyo baina ya kilichoonekana na kilichotendeka yalizaliwa makosa ya muda wa zaidi ya miaka mia.

Katika siku za Macfarlane upasuaji ulikuwa adhabu. Mgonjwa alikatwa akiwa macho, na aliyenusurika na kisu aliweza kufa kwa kuoza kwa kidonda. Mambo hayo mawili yaligeuka katika muda wa kizazi kimoja. Mwezi wa Oktoba mwaka 1846, mjini Boston, ilidhihirishwa mbele ya watu kwamba mvuke wa etha huweza kumlaza mgonjwa asisikie maumivu. Kisha Joseph Lister, katika hospitali ile ile ya Glasgow alimofanya kazi Macfarlane, alianza mwaka 1865 kuosha vidonda kwa asidi ya kaboliki, na mwaka 1867 akatangaza matokeo yake. Tangu hapo kisu kilipata uhuru. Kilichokuwa hakithubutiki kikawa jambo la kila siku, na uvimbe wowote uliofikika kwa mkono ulihesabiwa kuwa haki ya daktari wa upasuaji.

Katika hali hiyo hapakuwa na ajabu kwamba desmoidi nayo ilikabidhiwa kisu. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na kila msemaji wa Kiswahili anaijua katika methali: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Uvimbe unakua, basi na uondolewe ungali mdogo. Kwa aina nyingi za uvimbe hoja hiyo ni sahihi, na watu wengi wameokoka kwa ajili yake. Lakini desmoidi haina ganda la kuitenga na nyama nzima. Ncha zake huingia katika misuli kama mizizi ya mti uliootea katika ukuta wa mawe, na mpaka baina ya kilicho kigonjwa na kilicho kizima hauonekani. Daktari alitoa donge lote aliloliona, akashona, akamwambia mgonjwa amepona. Na baada ya miezi au miaka michache donge likasimama tena ndani ya kovu.

Jibu la utabibu kwa kushindwa huko lilikuwa kukata zaidi. Ilifundishwa kwamba uvimbe ukirudi ni kwa sababu haukukatwa kwa upana wa kutosha. Basi wa pili ulikatwa kwa upana mkubwa kuliko wa kwanza, na wa tatu kuliko wa pili. Walikuwapo waliopoteza misuli ya bega, waliopoteza nguvu za mkono, na waliokatwa mguu mzima kwa ajili ya uvimbe ambao usingewaua. Pamoja na hayo yote, katika taarifa nyingi zilizokusanywa, uvimbe ulirudi kwa robo ya wagonjwa, au nusu, au zaidi. Tena jambo la kushangaza likaonekana: wapo ambao uvimbe wao ulikatwa pamoja na nyama nzima pande zote ukarudi, na wapo ambao mabaki yaliachwa ndani yasikue tena. Sheria ya kisu ilikuwa haitabiri matokeo. Mionzi iliongezwa, peke yake au baada ya kisu, nayo iliwafaa baadhi. Lakini kwa kuwa wagonjwa wengi walikuwa vijana, ilikuwa deni la kulipwa mbele ya safari, maana mionzi yenyewe huweza, baada ya miaka mingi, kuzaa saratani.

Katikati ya karne ya 20 Arthur Purdy Stout, mtaalamu wa magonjwa ya tishu mjini New York, alijitahidi kuyapanga maradhi haya ya nyuzi. Katika maandishi yake ya mwaka 1954 na yale ya mwaka 1961 aliyakusanya chini ya jina fibromatosi. Humo likaota jina jingine la desmoidi, yaani fibromatosi kali, na kwa mara ya kwanza tabia ya uvimbe ikaingia katika jina lake. Mpangilio unaofuatwa sasa na Shirika la Afya Duniani umeuweka katika daraja la kati: si mpole, wala si saratani, bali ni mkali mahali pake. Mgawanyo wa mafungu mawili ulikuwa umevunjika, na fungu la tatu likakubaliwa.

Wakati huo huo njia nyingine ya kuujua uvimbe huu ilikuwa ikichimbwa mbali na chumba cha upasuaji. Eldon Gardner, mwalimu wa elimu ya urithi katika jimbo la Utah nchini Marekani, alichunguza ukoo mmoja ambao watu wake walikuwa wakifa kwa saratani ya utumbo mpana, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1951 alichapisha habari za ukoo huo, na katika miaka iliyofuata akaonyesha kwamba vinyama vingi vilivyoota ndani ya utumbo wao vilifuatana na uvimbe wa mifupa na uvimbe wa tishu laini. Desmoidi ilikuwamo katika orodha hiyo. Hivyo ilijulikana kwamba kwa baadhi ya watu uvimbe huu hauji kwa bahati. Huja kwa urithi.

Ugunduzi huo ulifichua msiba wa pekee. Watu wenye urithi huo hawana budi kukatwa utumbo mpana kabla saratani haijawawahi. Upasuaji huo huwaokoa. Lakini kwa baadhi yao, kidonda chenyewe cha upasuaji huamsha desmoidi ndani ya tumbo, katika kiwambo kinachoushikilia utumbo mwembamba na kupitisha mishipa yake ya damu. Hapo uvimbe usiosafiri huweza kuua bila ya kusafiri, kwa kuubana utumbo na kuuziba. Miongoni mwa watu waliokwisha kuepushwa na saratani ya utumbo kwa njia hiyo, desmoidi imekuwa mojawapo ya sababu kubwa za vifo. Daktari aliyefunga mlango mmoja alikuwa, bila ya kujua, amefungua mwingine.

Mwaka 1991 jeni yenyewe ilipatikana, ikaitwa APC. Vikundi viwili vya wataalamu viliitangaza karibu wakati mmoja, na kimojawapo kilikuwa cha Utah, nchi ile ile ya ukoo wa Gardner. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikadhihirika kwamba hata desmoidi isiyo ya urithi, ambayo ndiyo iliyo nyingi, hutokana na hitilafu iliyo jirani na hiyo. Ndani ya seli kuna protini iitwayo beta-katenini. Kazi yake mojawapo ni kupeleka katika kiini cha seli amri ya kukua na kuongezeka. Katika hali ya kawaida amri hiyo hutolewa kwa kipimo, kisha mjumbe huangamizwa. Na APC ni mmoja wa walinzi wanaomwangamiza. Ikiwa mlinzi ameharibika, au ikiwa mjumbe amebadilika hata mlinzi asimtambue, ujumbe hurudiwa pasipo kikomo. Kwa watu wasio na urithi, wapata tisa katika kumi huwa na badiliko katika jeni ya mjumbe mwenyewe.

Hapo ndipo mambo mengi yaliyotawanyika yalipokusanyika. Beta-katenini huongezeka kwa muda katika kidonda kinachopona, kwa kuwa seli za nyuzi huhitaji amri ya kuongezeka ili ziunge nyama iliyokatika. Kidonda kikifunga, amri hukoma na kovu hutulia. Katika desmoidi amri haikomi. Uvimbe huu, kwa maana hiyo, ni uponaji usiojua kwamba kazi imekwisha. Basi si ajabu kwamba ulionekana katika misuli iliyotanuliwa na mimba, wala si ajabu kwamba uliota ndani ya makovu. Kisu kilichotumwa kuumaliza kilikuwa kila mara kikiacha kidonda, na kila kidonda kilikuwa mwito mpya kwa seli zilizokwisha kusahau namna ya kunyamaza.

Dawa nazo zilikuwa na historia yake. Tangu mwaka 1975 William Waddell, daktari wa upasuaji huko Colorado, alichapisha taarifa za wagonjwa wachache waliotibiwa kwa dawa badala ya kisu, na katika miaka iliyofuata zikajaribiwa dawa za kutuliza uvimbe na maumivu, na dawa za kuzuia homoni ya kike. Baadaye zilitumika dawa za saratani kwa kipimo kidogo. Wapo waliopata nafuu, na matumaini yakawa makubwa. Lakini majaribio hayo yalikuwa na upungufu mmoja: hakukuwa na wagonjwa wa kulinganisha nao. Mgonjwa aliyepewa dawa akapona alihesabiwa kuwa ameponywa na dawa. Hakuna aliyejua angekuwaje kama asingepewa kitu.

Swali hilo lilijibiwa kwanza na wale waliothubutu kutotenda. Madaktari wa Villejuif karibu na Paris, na wa Milan nchini Italia, walianza kuwafuatilia baadhi ya wagonjwa kwa picha za mara kwa mara tu, bila ya kuwakata. Katika taarifa yao ya pamoja ya mwaka 2009 walieleza habari za wagonjwa 142 ambao hawakukatwa: 83 waliangaliwa tu, na 59 walipewa dawa. Baada ya miaka mitano, uvimbe ulikuwa haujaendelea kwa karibu nusu ya wale walioangaliwa tu, na hali ya waliopewa dawa haikuwa mbali sana na hiyo. Mwaka 2017 Wafaransa walichapisha hesabu ya wagonjwa 771 wa nchi nzima. Baada ya miaka miwili, asilimia 53 ya waliokatwa hawakupata tukio baya la ugonjwa huo, na kwa wasiokatwa ilikuwa asilimia 58. Upasuaji wa miaka mingi, pamoja na maumivu yake yote, haukuwa umeshinda kungoja.

Mwaka 2018 lilichapishwa jaribio la dawa iitwayo sorafenibu, lililoongozwa na Mrinal Gounder wa New York. Wagonjwa 87 waligawanywa kwa kura: wengine walipewa dawa, wengine kidonge kisicho na dawa, na hawakujua wamepewa kipi. Baada ya miaka miwili uvimbe ulikuwa haujaendelea kwa asilimia 81 ya waliopewa dawa, na kwa asilimia 36 ya wale wengine. Dawa ilikuwa na nguvu ya kweli. Lakini jaribio hilo lilitoa na funzo la pili, nalo si dogo: miongoni mwa waliomeza kidonge kisicho na dawa, mmoja katika kila watano uvimbe wake ulinywea wenyewe. Kwa hesabu hiyo sifa za tiba nyingi za zamani zilipungua. Pengine uvimbe ulikuwa ukiondoka kwa hiari yake, na dawa ikasimama njiani ikapokea shukrani.

Mwaka 2023 ilifuata dawa nyingine, nirogasestati, ambayo katika jaribio la wagonjwa 142 iliwanyweshea uvimbe asilimia 41 ya walioitumia, dhidi ya asilimia 8 ya wasioitumia. Mwezi wa Novemba mwaka huo ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa nchini Marekani mahususi kwa ajili ya desmoidi. Ilikuwa imepita miaka 191 tangu kitabu cha Macfarlane. Hata hivyo dawa hii nayo ina bei yake mwilini. Robo tatu ya wanawake wa umri wa kuzaa walioitumia katika jaribio hilo walipata hitilafu katika kazi ya ovari zao, ingawa kwa wengi wao hitilafu hiyo iliondoka. Ugonjwa ulioonekana kwanza katika matumbo ya wazazi umepata dawa inayogusa uzazi. Na mwanamke kijana anayeupata hana budi kuelezwa hayo kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Makubaliano ya wataalamu wa nchi nyingi, yaliyochapishwa mwaka 2020, yaliweka uangalizi mahali pa kwanza. Mgonjwa huchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano ili ugonjwa uthibitishwe, kisha hupigwa picha kwa vipindi, na tiba huanza uvimbe ukiendelea kukua au ukileta mateso. Kuangalia huku si uvivu. Uvimbe ulio karibu na utumbo, au na mishipa mikubwa, hauwezi kungojewa kama ule wa ukuta wa tumbo. Na kungoja bila ya kuangalia si tiba, ni kutelekeza. Kisu hakikutupwa, kimewekwa mahali pake, kama chombo kimoja miongoni mwa vingine.

Lililo zito katika historia hii si ushindi wa dawa. Ni kwamba elimu ilikuwa na methali mbili mkononi, ile ya ufa na ukuta, na ile isemayo subira huvuta heri. Ikaitumia ya kwanza kwa zaidi ya miaka mia bila ya kuipima. Madaktari wa zamani hawakuwa wakatili. Walikuwa wamemwona mgonjwa mbele yao na uvimbe mkononi mwake, na kutotenda kulionekana kuwa dhambi. Kilichokosekana ni hesabu ya kuwalinganisha waliotendewa na wasiotendewa, na ushujaa wa kuikusanya. Gharama ya upungufu huo haikulipwa na elimu. Ililipwa kwa mabega na miguu ya watu.

Mgonjwa bado ataendelea kuuliza swali lake la kale: ni wa kuua, au si wa kuua? Kwa desmoidi jibu la neno moja halipo, na daktari mwaminifu hatalitafuta. Atamwambia kwamba uvimbe wake hausafiri, kwamba huenda ukakua, huenda ukatulia, na huenda ukaondoka; kwamba atauangalia pamoja naye, na kwamba atakapokishika kisu au dawa atakuwa na sababu. Jibu hilo ni gumu kulipokea kuliko la ndiyo au siyo. Lakini imechukua karibu karne mbili kulipata, na waliolilipia hawakuwa wachache.